Jiwe Lililolambwa na Ng'ombe

Njia ilifungwa siku ya pili baada ya mimi kufika kwa baba mkubwa. Kwetu Masisi mtu hapotezi muda kuuliza imefungwa na nani. Anauliza itafunguliwa lini, na hata hilo analiuliza kwa adabu tu, bila kutegemea jibu. Mwenye pikipiki aliyenileta alikuwa amekwisha kurudi alikotoka, na kwa haraka yake aliondoka na mkoba wangu mmoja ukiwa bado umefungwa nyuma ya kiti. Nilibaki na viatu vya mvua, nyundo ya mawe, kioo cha kukuzia, na diploma ya jiolojia niliyoitia ndani ya bahasha ili nimwonyeshe. Nilikuwa nimepanga kulala siku tatu. Nililala wiki saba.

Nyumba yake iko pale ambapo malisho ya Masisi yanaanza kushuka kuelekea misitu ya Walikale. Ukisimama mlangoni asubuhi, nyuma yako ni majani mafupi na baridi, mbele yako ni ukungu, na chini ya ukungu huo inapita njia ya miguu ya Ntoto. Baba mkubwa, kaka yake baba yangu, amekuwa mtu wa ng'ombe tangu apate akili. Ndiye aliyenitetea wakati ukoo mzima ulipocheka kusikia kwamba msichana anataka kwenda kusomea mawe. Alisema mbele ya wote, "Jiwe haiulize kama weye ni mwanaume." Wakanyamaza, nami nikaenda.

Kwa hiyo nieleze kosa langu sasa hivi, kabla sijaanza kulipamba.

Miaka miwili kabla ya safari hiyo, nikiwa bado mwanafunzi, nilikwenda kumsalimu wakati wa likizo kubwa. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, na majirani walikuwa wamekaa uani wakinywa mashanza, yale maziwa yetu ya kugandishwa. Baba mkubwa aliingia ndani akatoka na kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani yake mlikuwa na vijiwe vya rangi ya kahawia iliyoingia wekundu, vikubwa kama punje za maharagi, vilivyosuguliwa na maji mpaka vikawa laini. Alisema kwamba ng'ombe wake walikuwa wakishuka kila siku mahali pamoja, kwenye kingo ya kijito, kulamba udongo. Akiwafukuza, wanarudi. Akiwachapa, wanarudi. Mwishowe alichimba pale walipokuwa wakilamba, akakuta vijiwe hivyo.

"Ngombe haiwezi kulamba kitu ya bure," alisema. Kisha akanigeukia. "Na huyu njo mutu wa mawe. Aseme."

Nilivipokea kiganjani. Darasani nilikuwa nimeona kasiterite, lile jiwe la bati linalohamisha wanaume wa vijiji vizima na kuwapeleka kuchimba Omate. Niliiona ndani ya chupa ndogo, punje za kahawia kama hizo. Lakini kasiterite ni nzito, na mara ya kwanza ukiishika mkono wenyewe unashtuka. Mkono wangu siku ile haukushtuka, na hilo ninalikumbuka vizuri mno. Ningeweza kuomba beseni la maji na muda kidogo. Ila macho yote yalikuwa kwangu, wale waliocheka nao wamo, na baba mkubwa alikuwa anatabasamu kwa mdomo wote kama mtu aliyeshinda kesi.

"Ni kasiterite, Papa," nilisema.

Watu walipiga makofi. Baba mkubwa mwenyewe alichukua kikombe changu akakijaza mashanza mara ya pili, jambo ambalo hulifanya kwa wageni wa heshima tu. Jumanne nikaondoka, na nikiri kwamba sikulifikiria jambo hilo tena.

Sasa nilikuwa nimerudi na diploma. Kitu cha kwanza nilichokiona ni zizi. Lilikuwa pana kama zamani, limekauka, na ndani yake alisimama ng'ombe mmoja wa kahawia na ndama wake. Nilimwuliza mama mkubwa, mke wake, wengine wako kwenye malisho gani. Alinitazama kama mtu anayejaribu kujua kama ninamtania.

"Banakwenda ndani ya shimo, binti yangu. Moja moja."

Walikuwa wamebadilishwa na chakula cha wachimbaji, na mabeleshi, na mbao za kushikilia paa la shimo. Miaka miwili shimo lilikuwa linakula zizi. Mwanzoni walichimba majirani wanne walioacha mashamba yao ya maharagi. Walipochoka wakarudi mashambani, na baba mkubwa akaendelea karibu peke yake. Hakuna mnunuzi aliyefika kuona mali, kwa sababu ya njia, na baba mkubwa hakutaka kupeleka kidogo kidogo. Alitaka lundo kwanza.

Mama mkubwa aliniambia jambo jingine alipokuwa akisonga ugali, bila kuinua macho. Mwaka uliopita alipita mchimbaji mzoefu kutoka Omate. Alishika vijiwe, akavirusha juu kidogo na kuvidaka, akasema, "Papa, hii iko nyepesi." Baba mkubwa alimpa chakula, akamwonyesha njia. Alimwambia kwamba mtu wa masomo alikwisha kusema, na yeye wa Omate alisoma wapi? Nilikula ugali ule kama ninameza udongo.

Asubuhi iliyofuata, siku ile ile tuliyosikia kwamba njia imefungwa, alinipeleka kuona. Alitangulia akiimba. Shimo liliingia ubavuni mwa mlima, juu kidogo ya kijito. Mlangoni unainama, hatua tano baadaye unapiga magoti, na baada ya hapo unatambaa ndani ya maji yanayofika viwikoni. Alinipa tochi ya kufunga kichwani akasema nitangulie, yeye atanifuata nyuma, ili niwe wa kwanza kuona. Ndani ya shimo lile huwezi kugeuka. Ukitaka kutoka, unarudi kinyumenyume, na wa nyuma yako arudi kwanza. Kwa hiyo mbele yangu ulikuwa mlima na nyuma yangu baba mkubwa, na nikamsikia akipumua kwa furaha.

Nikainua kichwa, na ukuta ukang'aa. Lilikuwa jiwe la kijivu la tabaka nyembamba, linalometameta kama magamba ya samaki, aina ya jiwe linalopatikana pale ambapo udongo wa kale umepikwa na kukandamizwa chini sana ardhini. Na ndani ya tabaka hizo, zikiwa hazijasuguliwa na maji yoyote, zilikaa fimbo fupi za kahawia nyekundu, zenye pande zilizonyooka kama zimechongwa. Nyingine zilikuwa zimepitana. Fimbo mbili zimeingiliana katikati, mara kwa mshazari, na moja, karibu na pua yangu, kwa pembe ya mraba kabisa.

Kuna sanduku moja la mawe ambalo profesa wetu alikuwa akilifunga kwa ufunguo, na ndani yake kulikuwa na kipande kimoja cha namna hiyo ambacho tulikatazwa kukigusa. Staurotidi. Kwa miaka yote ya masomo niliota kuikuta mwenyewe, mahali pake, ukutani. Lazima niseme ukweli: kwanza nilifurahi. Nilifurahi kama mtoto, nikanyoosha kidole nikaigusa.

"Umeona?" alisema baba mkubwa nyuma yangu. "Hata musalaba iko ndani. Mungu mwenyewe aliweka alama."

Ndipo furaha yangu ikaisha. Kasiterite haikai hivyo, wala haina umbo hilo. Staurotidi ni nzuri, ni adimu, watu wa makumbusho wangeipenda, na haina bati hata chembe. Hakuna mnunuzi kutoka Pinga mpaka Goma ambaye angeinama kuiokota. Nilijua yote hayo nikiwa nimelala kifudifudi ndani ya maji baridi, na mtu aliyeniamini amenizibia njia ya kutokea. Niliogopa, na sikuogopa mlima.

"Nimeona, Papa," nilisema. "Turudi."

Jioni hiyo hiyo nilijua kilichobaki. Maji yalikuwa yanazidi shimoni, na mtu mmoja wa kijiji cha chini alikuwa na motopompe ya kuyavuta. Walikuwa wamekubaliana. Jumamosi angeipandisha, na kushuka na ng'ombe wa mwisho pamoja na ndama. Baba mkubwa alinieleza hayo huku akimsugua ng'ombe shingoni, naye ng'ombe akifumba macho. Ilikuwa Jumanne.

Nilijiambia nitasema wakati wa kula. Wakati wa kula akaingia jirani, na baba mkubwa akanitambulisha, "Huyu njo alijuaka wa kwanza." Nikajiambia asubuhi. Asubuhi akaomba aione diploma, akaishika kwa ncha za vidole ili asiichafue, akamwita mama mkubwa aje aione naye, kisha akaiweka kwenye rafu karibu na Biblia. Hapo tayari palikuwa na msalaba mmoja wa jiwe. Ningekimbia kama njia ingekuwa wazi. Nasema hivyo bila kujisifu. Nilikwenda mara mbili mpaka barabarani kusikiliza kama kuna mlio wa pikipiki, na mara zote mbili nilisikia kunguru tu.

Alhamisi nikapata ujasiri wa kinafiki, ule wa kutaka kitu kingine kiseme badala yangu. Mama mkubwa huwapima watoto wa kijiji uzito kila mwezi, na mizani ya kituo cha afya, ile ya kuning'iniza yenye uso wa saa, hukaa kwake ikining'inia kwenye boriti. Nilichukua kilo kumi za vijiwe kutoka kwenye lundo la baba mkubwa, nikachagua vilivyo safi, nikavitia ndani ya mfuko wa wavu. Nikavuta pipa la maji chini ya boriti. Kisha nikamwita.

Nilimweleza polepole. Kila kitu kikizama majini kinapungua uzito, lakini kizito cha kweli kinapungua kidogo. Kilo kumi za kasiterite zingebaki nane na nusu hivi. Nikauzamisha mfuko, nikautikisa ili mapovu yatoke, na mshale ukarudi nyuma mpaka ukapita nane, ukasimama juu kidogo ya saba.

"Si kasiterite, Papa. Nilikosea."

Maneno hayo niliyasema kwa sauti iliyotoka kama ya mtu mwingine. Alitazama mshale. Akautazama mfuko. Akacheka, kwa upole kabisa.

"Mutoto wangu, hiyo ni ya kupima batoto. Na maji inafanyaka kila kitu nyepesi. Hata mimi, ndani ya maji niko mwepesi."

"Papa, nilisoma hii. Ndiyo kazi yangu."

"Na wakati ile ulisemaka kasiterite, haukukuwa unasoma?"

Akanipiga begani taratibu, akaniambia nimechoka na safari na kwamba watu wenye akili nyingi huanza kuogopa mali inapokaribia. Akarudi kazini. Nilibaki nimeshika mfuko unaodondosha maji, nikihisi hasira ambayo sikujua niielekeze wapi. Neno langu la kwanza halikuwa na kipimo chochote na lilikuwa limemaliza zizi zima. Neno la pili lilikuwa na mizani, pipa na diploma, na halikuweza kumsogeza mtu mmoja hatua moja. Msichana niliyekuwa siku ile uani alikuwa ananizidi nguvu.

Ijumaa mama mkubwa aliniomba nimpeleke ng'ombe malishoni, maana yeye alikuwa na palizi ya maharagi. Ng'ombe hakutaka majani. Alinivuta moja kwa moja mpaka kwenye kingo ya kijito, chini ya shimo, akaanza kulamba, na ndama akajipenyeza kando yake. Nilikuwa sijawahi kuona jambo hilo kwa macho yangu. Miaka miwili nilikuwa nimelisikia tu. Nikachuchumaa karibu na kichwa chake. Ulimi ulikuwa unapita juu ya utepe wa udongo wa kijivu wenye unyevu, uliofanya ukoko mweupe juu yake. Vijiwe vilivyokuwa ndani ya udongo alikuwa anavisukuma pembeni, na kimoja kilipomwingia mdomoni alikitema. Nikachukua ukoko ule kwa kidole nikaulamba mwenyewe. Chumvi.

Nilikaa pale chini nikacheka peke yangu, kicheko kibaya. Mimi na baba mkubwa, mtu wa mawe na mtu wa ng'ombe, na hakuna kati yetu aliyemtazama ng'ombe mdomoni.

Jumamosi asubuhi alitoka na kamba mpya. Mwenye motopompe alikuwa ametuma habari kwamba anapanda. Nilikuwa nimeweka mabeseni mawili uani. La kwanza lilijaa vijiwe vya lundo lake, vilivyooshwa mpaka vikang'aa. La pili lilikuwa na udongo wa kingoni, niliouchambua kwa vidole usibaki na jiwe hata moja. Nilimwomba kitu kimoja tu, amwache ng'ombe apite hapo kabla hajamfunga. Nilimwambia sitamweleza chochote.

Ng'ombe alikwenda kwenye vijiwe, akanusa, akapuliza pumzi nzito, akaviacha. Akageukia udongo. Alilamba mpaka beseni likaanza kutambaa uani, na ndama akalifuata.

Baba mkubwa alisogea karibu. Aliweka kamba chini. Akabadilisha mabeseni, la kushoto akalipeleka kulia, akamrudisha ng'ombe nyuma, akamwachia tena. Ng'ombe akafuata udongo. Akayabadilisha tena, safari hii akanyunyiza maji kidogo juu ya vijiwe, labda ni ukavu. Ng'ombe akafuata udongo. Alifanya hivyo mara mbili, bila haraka, kama anavyofanya kila kitu kinachohusu ng'ombe. Nilimtazama nikaona kwamba alikuwa anafanya kazi ambayo mimi nilipaswa kuifanya miaka miwili nyuma, na alikuwa anaifanya vizuri kuliko ningeifanya mimi.

Kisha akakaa juu ya gogo la mlangoni.

"Kumbe ngombe haikusemaka kitu," alisema. "Ni weye tu njo ulisemaka."

Mama mkubwa alikuwa amesimama mlangoni na jembe. Chini kabisa, katika ukungu, tulisikia sauti za watu wanaopanda na mzigo.

"Nikuulize kintu moja," alisema baba mkubwa. "Ile siku, mbele ya batu. Ulikuwa unajua, ao haukukuwa unajua?"

Ningeweza kusema sikujua. Ingekuwa karibu na ukweli, na wote watatu tungeweza kuishi nayo. Nilikuwa nimeitayarisha sentensi hiyo tangu nilipokuwa shimoni.

"Nilijua kwamba sijui, Papa."

Alinitazama. Uso wake haukuwa na hasira, na ningependa ungekuwa nayo. Aliokota kamba, akaikunja vizuri, akaitundika ukutani. Alishuka mwenyewe kukutana na mwenye motopompe njiani, akamrudisha na mashine yake. Aliporudi alizungumza na mama mkubwa, si na mimi.

"Mupatie kitunga."

Lile lundo lililokaa mbele ya shimo, vijiwe na vifusi vyote vya miaka miwili, tulilirudisha ndani. Ndama angeweza kuingia na kunasa mle, na mlima ungekuja kumeza mtu. Yeye alijaza kwa beleshi, mimi nikabeba, kamba ya kitunga, kile kikapu cha mgongoni, ikinikata kwenye paji la uso. Ndani nilitambaa nikisukuma, nikarudi kinyumenyume, nikabeba tena. Fimbo zangu nyekundu zilinitazama ukutani kila nilipoingia, mpaka siku tulipozifunika. Hakunitukana hata mara moja. Hakuzungumza nami pia, isipokuwa "shika", na "ngoja", na "imetosha leo". Mashanza nilipewa na mama mkubwa, kikombe kimoja, jikoni. Diploma ilibaki kwenye rafu. Msalaba wa jiwe aliuondoa, sijui aliupeleka wapi.

Njia ilifunguka wiki ya nne. Mwenye pikipiki alifika na mkoba wangu, akapiga honi. Baba mkubwa aliegemea beleshi lake akasema, "Njia imefunguka." Nilimwambia nimesikia. Nilipokea mkoba, nikauweka kwenye majani makavu, nikainama kamba ikae vizuri kwenye paji. Hakuna aliyekuwa amenishika, na sikuweza kuondoka.

Tulimaliza katika wiki ya saba, siku ya Ijumaa. Jumapili baada ya ibada majirani walikaa uani kama zamani, maana mashanza yalikuwepo, ya ng'ombe yule mmoja. Nilikuwa nimekwisha kufunga mkoba. Mmoja wa wale wanne waliochimba, mkulima wa maharagi, alitoa mfukoni jiwe jeusi lenye kung'aa alilolikuta shambani kwake. Akalizungusha mkononi, akanitazama, akamtazama baba mkubwa, kisha akaniwekea kiganjani.

"Dada, hii ni nini?"

Lilikuwa zito, zito kweli. Nilikuwa na wazo, hata mawili. Baba mkubwa alikuwa anatazama miguu yake.

"Sijui," nilisema. "Nipe beseni na maji, na unipe siku ya leo."

Mtu mmoja aliguna. Mkulima alinyoosha mkono kutaka jiwe lake, akasita, akaurudisha. Baba mkubwa aliinuka kwenye gogo lake, akaja mpaka nilipokaa, akachukua kikombe changu kilichokuwa kitupu, akakijaza.